Je, wajua kwa nini Jumatatu haikubali kukatwa ibaki herufi tatu?

Mtengenezaji wa programu aliyezoea Kiingereza hufupisha majina ya siku kwa kuchukua herufi tatu za mwanzo: Mon, Tue, Wed. Kwa kuwa njia hiyo humfaa kwa siku zote saba, ni rahisi aiandike ndani ya programu kana kwamba ni kanuni ya kila lugha. Ikifika kwenye Kiswahili, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne na Jumatano zote hugeuka kuwa "Jum", na anayetazama ratiba ya kliniki kwenye simu hajui aende lini. Hata zikiachwa herufi sita, Jumatatu na Jumatano bado husomeka "Jumata".

Sababu ni kwamba majina yetu ya siku ni hesabu, na tarakimu imekaa mwishoni. Ijumaa ikishapita, siku ya sala ya pamoja ya Waislamu, kuhesabu huanza: mosi, pili, tatu, nne, tano. Kisha huja Alhamisi, neno la Kiarabu ambalo nalo maana yake ni siku ya tano, kwa kuwa Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Juma la Kiswahili, basi, lina siku za tano mbili zinazofuatana, na hakuna anayelalamika.

Watu walikwishajitafutia ufupisho wao: J1, J2, J3, J4, J5, Alh na Ij. Ni mzuri, ila una mtego. Kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, ISO 8601, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1988, huihesabu Jumatatu kuwa siku ya 1. Lugha ya kuandikia programu iitwayo JavaScript, inayoanza na Jumapili kama 0, nayo huipa Jumatatu namba 1. Programu ikiunganisha herufi J na namba hiyo, Jumatatu huandikwa J1, na kwa msomaji wa Kiswahili hiyo ni Jumamosi.

Ndiyo maana inafaa programu isijitungie majina, bali iyachukue kwenye CLDR, hifadhidata ya majina ya siku na desturi za kalenda za lugha na nchi mbalimbali, inayosimamiwa na shirika la Unicode, kwa kutaja lugha pamoja na nchi: sw-TZ kwa Tanzania, sw-KE kwa Kenya. Humo hata umbo fupi la Jumatatu ni "Jumatatu" kamili, kwa hiyo mchoraji wa kalenda hana budi kuacha nafasi ya herufi nane. Nchi nayo hutajwa kwa sababu, maana hifadhidata hiyo huanza juma la Tanzania siku ya Jumatatu na la Kenya siku ya Jumapili. Majina ni yale yale, lakini safu ya kwanza ya kalenda si moja.