Kutambua Vifaa vya Kushikia Kazi Katika Karakana ya Nyumbani

Chini kabisa ndani ya sanduku la vifaa vya mitumba nililolinunua Gerezani, Dar es Salaam, mlikuwa na vyuma ambavyo muuzaji alivihesabu kuwa chakavu, ilhali kwangu mimi vilizidi thamani ya tupa zote zilizokuwa juu yake. Vilikuwa vifaa vya kushikia kazi, yaani kipande kinachotobolewa au kukerezwa, na kila kimoja hutambulika kwa namna kinavyobana.

Vipande viwili vizito vyenye mfereji wa umbo la V ni vya kulazia vyuma vya mviringo. Huchongwa kwa jozi ili vilingane, kwa hiyo usiazime kimoja ukabaki na kingine. Nondo laini ikilazwa mferejini hugusa pande mbili, na ikishabanwa kwa juu haibingiriki biti ya kutobolea inapoanza kuuma.

Vyuma vilivyochongwa kama ngazi, pamoja na bapa lenye tundu refu, hufungwa juu ya meza ya mashine ya kutobolea. Hapa nilikosea kwa muda mrefu. Ncha moja ya bapa hukalia kazi na nyingine hukalia ngazi; bolti ikisimama karibu na ngazi, nguvu nyingi huishia kwenye ngazi, na kazi hubaki imeguswa tu. Sogeza bolti karibu na kazi, kisha inua upande wa ngazi uwe juu kidogo tu kuliko upande wa kazi, ili bapa likandamize kwa ncha yake. Mimi hutanguliza vipande vya karatasi chini ya pembe nne za kazi, na nikishakaza huvivuta kimoja kimoja. Kinachochomoka kinanionyesha pembe iliyoning'inia.

Taya tatu za chaku, kishikio kinachozungusha kazi kwenye mashine ya kukerezea, hupigwa namba 1, 2 na 3, na zikirudishwa bila kufuata mpangilio huo hazikutani katikati.

Jiliwa kila mtu analijua, lakini meno yake huumiza kazi iliyokwisha kulainishwa. Mabaki ya pembe za alumini kutoka kwa mafundi wa madirisha, yakikatwa kwa urefu wa taya, huzuia alama hizo.

Bati jembamba ndilo ninaloliogopa zaidi, kwa sababu biti hung'ata ghafla inapotokeza upande wa pili na kulizungusha kama panga. Lilaze juu ya ubao, lifunge pande mbili, na mkono wako usiwe kibanio.