Jiwe zito linalonasa sumaku: lilitoka wapi, na ufanye nini ukiliokota

Malalamiko ya wananchi kutozwa fedha za "kupima mawe" na watu wasiojulikana yameongezeka hapa Mwanza, na karibu kila mara jiwe lenyewe ni la aina moja: jeusi au la kijani kilichokolea, zito, linalonasa sumaku. Mwenye shamba ameshaambiwa na dalali kwamba ni nikeli, au ni kimondo.

Mara nyingi huo ni mwamba wa moto, yaani uliotokana na uji wa mawe ulioganda, wenye magnesiamu nyingi. Graniti ya majabali yetu, Bismarck Rock ikiwamo, ina silika takribani asilimia 70, na oksidi ya magnesiamu kwa kawaida haizidi asilimia 1 au 2. Kwenye peridotaiti, mwamba ulio chini ya ukoko, ganda la nje la dunia, oksidi hiyo hukaribia asilimia 40.

Wengi hudhani chini ya miguu yetu kuna bahari ya lava. Hakuna. Peridotaiti ina joto kali lakini ni yabisi. Inapopanda taratibu, mgandamizo hupungua na sehemu yake ndogo huyeyuka. Uji huo ukifika juu tunaupata kama basalti, mwamba mweusi wa lava iliyoganda. Joto likizidi sana, sehemu kubwa huyeyuka na magnesiamu nyingi zaidi huingia kwenye uji. Ndivyo ilivyopatikana komatiti, iliyopewa jina la mto Komati wa kusini mwa Afrika: lava yake ilifika nyuzi joto 1,600 hivi, wakati basalti hutoka ikiwa na 1,200. Komatiti nyingi zina zaidi ya miaka bilioni 2.5, kwa sababu dunia changa ilikuwa na joto kuliko ya leo.

Iko njia nyingine ya kupata mwamba wenye magnesiamu nyingi. Magma, yaani uji wa mawe ulio bado ardhini, ikipoa polepole, olivini, madini yenye magnesiamu nyingi, huganda mapema, huzama na kurundikana kama unga wa togwa unavyotuama chini ya kibuyu. Miamba ya namna hiyo ndiyo iliyobeba nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara. Lakini zingatieni: nikeli ya Kabanga ilijikusanya kwa sababu magma ilipata salfa ya kutosha, na salfa ndiyo iliyoinasa. Magnesiamu peke yake haimfanyi mtu tajiri. Hata kimbalaiti, mwamba wa Mwadui ulioleta almasi kutoka kina cha zaidi ya kilomita 150, mara nyingi hauna almasi ya kuchimbika.

Na sumaku? Maji yakipenya kwenye olivini yenye joto, huigeuza kuwa sapentini, madini ya kijani yanayoteleza mkononi. Chuma kinachobaki hugeuka magnetiti, na hiyo ndiyo inayonasa sumaku. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado watu wanauziwa sumaku kama kipimo cha utajiri. Msilitwange jiwe hilo likiwa kavu: sapentini nyingine ina nyuzi za asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu.

Anayetaka uhakika avunje kipande kibichi cha ndani, ambacho hakijaliwa na jua na mvua, kinachojaa kiganja. Akifunge peke yake, aandike kijiji, tarehe na alama za GPS, kisha akifikishe kwa Afisa Madini Mkazi aelekezwe maabara. Ada ya serikali hulipwa kwa namba ya malipo, benki au kwa simu. Hailipwi mkononi, kwa yeyote, hata akivaa kitambulisho.

Majibu yakiwa mazuri, bado huchimbi. Hati ya shamba haikupi madini. Kisheria ni mali ya Jamhuri ya Muungano. Leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa kwa Mtanzania, kwa miaka 7, na inahuishwa. Kuchimba bila leseni ni kosa lenye faini, kifungo au vyote viwili, na madini yaliyokamatwa hutaifishwa. Wanaosema "mimi naponda kokoto tu" wasome sheria: kokoto ni madini ya ujenzi, zina leseni yake na mrabaha wa asilimia 3.