Borislav Stanković: kocha aliyehamia ofisini na benchi lake

Nilipoacha kufundisha kikapu na kuanza kukaa mezani kama kamishna wa mchezo, kilichonisumbua ni mikono. Mechi moja, robo ya tatu, timu ilikuwa inapigwa pointi tisa mfululizo na kocha wao kajikunyata tu anatazama. Nikashtuka nimeshanyanyuka, kiganja juu ya vidole, ile herufi T ya kuomba taimauti, mchezo usimamishwe kocha azungumze na timu. Karani wa skoa akanivuta suruali. "Kaa, mwalimu. Hao si wako."

Tangu siku hiyo nikimsoma Stanković namwelewa tofauti. Wengi wanamjua kama katibu mkuu wa FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, kiti alichokalia kuanzia 1976 hadi 2002. Mimi namwona kocha aliyepewa uwanja mkubwa zaidi.

Alizaliwa 1925 Bihać, akaichezea Yugoslavia kwenye mashindano ya kwanza ya dunia, Buenos Aires 1950. Timu yao ilishika mkia, ya 10 kati ya 10. Alisomea udaktari wa mifugo na akafanya kazi ya kukagua nyama Belgrade, huku akiinoa klabu ya OKK Beograd hadi ikatwaa ubingwa wa nchi. Baadaye akaenda Italia, na 1968 klabu ya Cantù ikawa bingwa chini yake.

Sasa tazama maamuzi yaliyopita FIBA wakati wake. Mstari wa pointi tatu uliingia 1984, mita 6.25 kutoka kikapuni. Aliyewahi kufundisha anajua mstari ule unatibu nini. Bila huo, mabeki wote wanajazana chini ya kikapu na mchezo unakuwa wa kusukumana mabega. Ukiwepo, beki lazima atoke nje kumfuata mpigaji, na akishatoka, njia ya kupenya inafunguka nyuma yake. Mwaka 2000 muda wa kushambulia ukashushwa kutoka sekunde 30 hadi 24, wa kuvuka nusu ya uwanja kutoka 10 hadi 8. Timu inayoongoza ikanyimwa nafasi ya kulala na mpira.

Lakini kubwa ni lile la 1989. Kabla yake Olimpiki ilikuwa ya wachezaji wa ridhaa, yaani wasiolipwa, na ridhaa yenyewe ilikuwa kiini macho: waliolipwa na klabu za Ulaya walicheza bila swali, aliyelipwa na NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, akafungiwa mlango. Oscar Schmidt wa Brazil alichaguliwa na klabu ya NBA 1984, akakataa kwenda ili asiipoteze timu yake ya taifa. Stanković aliupeleka upuuzi huo kwenye kura, Munich, Aprili 1989: 56 wakakubali wachezaji wa NBA nao waruhusiwe, 13 wakakataa. Marekani ilikuwa miongoni mwa waliokataa. Ndiyo, Marekani hiyo hiyo.

Wakosoaji walisema anawapeleka wanyonge machinjioni. Olimpiki ya Barcelona 1992 ikaonekana kama wamesema kweli: Marekani ilishinda mechi zote 8, kwa wastani wa karibu pointi 44, na kocha wake Chuck Daly hakuomba taimauti hata moja. Wapinzani wengine walikuwa wanaomba kupigwa picha nao. Ofisa wa kawaida angeona aibu. Kocha hufanya hivyo kila wiki: kijana anayewazidi wenzake mtaani humpeleka kufanya mazoezi na wakubwa, apigwe, ajue pengo ni la ukubwa gani.

Pengo lilizibwa katika miaka kumi. Mwaka 2002, mwaka wake wa mwisho ofisini, mashindano ya dunia yalifanyika Indianapolis. Marekani, iliyojaza wachezaji wa NBA, ilifungwa na Argentina 87–80, ikafungwa mara mbili zaidi na kumaliza ya 6 nyumbani kwake. Fainali ilikwenda dakika za nyongeza, na kombe likachukuliwa na Yugoslavia, au kile kilichokuwa kimebaki na jina hilo.