Picha za Faragha Mtandaoni: Sheria Haiulizi Nani Alikutumia

Kaulimbiu ya kimataifa ya Siku 16 za Kupinga Ukatili wa Kijinsia kwa mwaka 2025 ilielekezwa kwenye ukatili wa kidijitali dhidi ya wanawake na wasichana. Maswali tunayoulizwa kila tunapotoa elimu juu ya jambo hili yanaonesha kwamba karibu kila mtu anajua kusambaza picha za utupu ni kosa, isipokuwa kila mmoja anaamini kosa hilo ni la mtu mwingine. Aliyepiga picha anamtaja aliyeivujisha, aliyeivujisha anamtaja aliyeiweka kwenye kundi la WhatsApp, na waliomo kwenye kundi wanasema wao waliikuta tu. Makala haya yanaeleza sheria inasemaje, na yanatumia namba za vifungu kama zilivyo katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania, Na. 14 ya mwaka 2015.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ilianza kutumika tarehe 1 Septemba 2015. Inatumika Tanzania Bara na Zanzibar, isipokuwa kifungu cha 50 kinachohusu ufifilishaji wa makosa, yaani kumaliza kosa kwa malipo bila kesi. Kifungu cha 14 kinakataza mtu kuchapisha, au kusababisha kuchapishwa, ponografia kupitia mfumo wa kompyuta au teknolojia nyingine yoyote ya habari na mawasiliano. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote kwa pamoja. Pale maudhui yanapokuwa ya kiasherati au machafu, faini haipungui shilingi milioni 30 na kifungo hakipungui miaka 10, na hapo pia mahakama inaweza kutoa vyote viwili. Ninaomba msomaji aliangalie vizuri neno «isiyopungua», kwa sababu wapo wanaolisoma kana kwamba limeandikwa «isiyozidi». Milioni 20 ndipo hesabu inapoanzia.

Neno «kuchapisha» nalo linawapotosha wengi, kwa kuwa wanafikiria gazeti, blogu au akaunti yenye wafuasi wengi. Katika sheria hii kuchapisha ni pamoja na kusambaza, kutuma, kuonesha, kunakili, kubadilishana, kuuza, na kufanya kitu kipatikane kwa namna yoyote ile. Kwa hiyo utetezi wa «afande, mimi nimeforwadi tu», ambao husemwa kwa uso wa mtu aliyeonewa kabisa, ni maelezo kamili ya kosa lenyewe. Kadhalika anayeandika chini ya chapisho la mtu «wekeni namba niwarushie koneksheni», yaani picha au video ya utupu iliyovuja, ametangaza hadharani kwamba anayo na anaigawa, na akipokea hata shilingi elfu moja kwa kila anayetumiwa, ameongeza ushahidi wa biashara juu ya ushahidi wa usambazaji. Kufuta ujumbe kwa wote baada ya dakika tano hakufuti kilichokwisha kutendeka, na mara nyingi kuna aliyekwisha kupiga skrinishoti.

Dhana ya pili ni ile ya uhusiano. Tunaambiwa: «Alinitumia mwenyewe kwa hiari yake», «ni mke wangu», «tuliachana vibaya». Hakuna hata moja kati ya hayo lililoandikwa kwenye kifungu cha 14 kuwa ni ruhusa. Kukubali kupigwa picha chumbani ni ridhaa ya kupigwa picha chumbani, wala haigeuki kuwa ridhaa ya picha hiyo kufika kwenye kundi la wanakijiji, la wafanyakazi wenzake au la ukoo.

Hapa nina wajibu wa kusema jambo moja kwa uangalifu. Sheria ya 2015 haina kifungu kinachotaja moja kwa moja picha ya faragha iliyosambazwa bila ridhaa ya mhusika. Tunachotumia ni kifungu cha 14 juu ya ponografia na kifungu cha 23 juu ya unyanyasaji mtandaoni. Kwa kuwa kifungu cha 14 hakijajengwa juu ya ridhaa, waathirika wengi huogopa kwamba wakifika kituoni watageuziwa kibao na kuulizwa kwa nini walijipiga picha zile. Hofu hiyo haikutoka hewani, na nisingependa kuibeza. Ninachoweza kusema ni kwamba uamuzi wa nani ashtakiwe kwa kosa gani ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka, hivyo siwezi kutoa ahadi kwa maandishi kwa niaba ya ofisi hiyo. Hata hivyo, picha iliyobaki kwenye simu ya mwenyewe haijachapishwa, na mlalamikaji anapoeleza namna ilivyotoka kwenye mikono yake, upelelezi una pa kuanzia, nako ni kwa aliyeitoa. Kwa maoni yangu binafsi, kifungu kinachotaja ridhaa waziwazi kingewaondolea watu mzigo huu.

Vitisho ni kosa linalojitegemea, hata kama picha haijatumwa popote. Kifungu cha 23 kinakataza kutuma mawasiliano ya kielektroniki kwa nia ya kumshurutisha, kumtisha, kumnyanyasa au kumsababishia mtu msongo wa hisia, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote kwa pamoja. Ujumbe wa aina hii tumeuzoea: «Tuma laki mbili kwenye namba hii, ikifika saa mbili sijaona muamala naiweka kwenye grupu la kanisani kwenu.» Wanaotumiwa hulipa, na wiki inayofuata laki mbili inakuwa laki nne, kwa sababu aliyelipwa mara moja amejifunza kwamba njia inafanya kazi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, nayo inashughulikia kudai mali kwa vitisho. Namba aliyoitoa kupokelea fedha ni ushahidi wa thamani kubwa, kwani laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha Taifa, na zile ambazo hazikusajiliwa kwa utaratibu huo zilianza kuzimwa Januari 2020. Ni kweli wahalifu hutumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine. Ndiyo maana mwananchi anashauriwa kubonyeza *106# mara kwa mara ili kuona ni laini zipi ziko chini ya kitambulisho chake.

Kuhusu watoto hakuna mjadala wa ridhaa wala wa uhusiano. Mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18 kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, awe kidato cha nne, awe amekwisha kuacha shule, awe ana mwili mkubwa kuliko umri wake. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinaweka faini isiyopungua shilingi milioni 50, au mara tatu ya faida iliyopatikana isivyo halali, kutegemea ipi ni kubwa, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote kwa pamoja. Tafsiri ya ponografia ya watoto inagusa pia mtu anayeonekana kama mtoto pamoja na taswira inayomwakilisha mtoto, kwa hiyo anayechukua picha ya mwanafunzi kwenye mahafali na kuivua nguo kwa programu ya akili unde asijifariji kwamba «si yeye halisi». Mzazi au mwalimu anayekuta picha ya namna hii asiitume kwa mwalimu mkuu, kwa shangazi au kwa kamati ya shule «ili nao waone». Nia inaweza kuwa njema kabisa, ila picha ya mtoto imeongezewa watazamaji. Simu yenyewe ndiyo ipelekwe kituoni. Mtoto anayehitaji kuzungumza na mtu kwanza anaweza kupiga 116 bila malipo.

Sasa utaratibu, ambao ninaueleza kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo kesi nyingi huharibika. Usifute mazungumzo, usibadilishe simu, na usimzuie mtumaji kabla hujahifadhi alichoandika. Piga skrinishoti zinazoonesha tarehe, saa na namba yenyewe. Mtu anatuletea kurasa ishirini ambazo juu yake pameandikwa «My Wangu» tu. Jina hilo lipo kwenye simu ya mlalamikaji peke yake na halimtambulishi mtu yeyote mbele ya mahakama, kwa hiyo fungua taarifa za mawasiliano ili namba ionekane, kisha piga skrinishoti nyingine. Kama picha iko kwenye mtandao wa kijamii, nakili linki ya chapisho na jina la akaunti kama lilivyoandikwa, hadi nukta na tarakimu zake. Hifadhi ujumbe wa muamala kama umekwisha kulipa.

Nenda kituo chochote cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto. Hulazimiki kusafiri hadi Dar es Salaam kwa sababu eti kosa ni la mtandao. Unaweza kuomba uhudumiwe na askari wa kike. Maelezo yako yakishaandikwa yasome kabla ya kuweka saini, kisha chukua namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo, na uitunze, kwa kuwa bila hiyo kila ufuatiliaji unaanza upya. Simu yako inaweza kuchukuliwa kuwa kielelezo. Najua jambo hili huwaudhi watu, lakini kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinaitaka mahakama ipime namna taarifa ilivyozalishwa, ilivyohifadhiwa na kuwasilishwa, uthabiti wake ulivyolindwa, na mtumaji alivyotambulika; simu ikizunguka mikononi mwa watu watano, maswali hayo hayajibiki. Dai stakabadhi ya kielelezo kilichochukuliwa, ikiwa na saini na namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yako, ambayo utaipata kwa kubonyeza *#06#. Mkuu wa kituo ana mamlaka chini ya kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kuamuru anayehifadhi data, ikiwemo kampuni ya simu, aitoe kwa ajili ya upelelezi. Hayo hayafanyiki kwa mlalamikaji kupiga simu huduma kwa wateja na kuomba atajiwe mwenye namba.

Kuondoa picha mtandaoni ni kazi tofauti na kesi, na inaweza kuendelea sambamba nayo. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinaruhusu kumpelekea mtoa huduma taarifa ya maandishi ya kutaka maudhui yaondolewe, yenye jina na anwani yako, saini, haki iliyovunjwa, mahali maudhui yalipo, hatua unayotaka ichukuliwe, pamoja na tamko kwamba unasema kweli. Kwa watu wazima upo pia mfumo wa StopNCII, ulioanzishwa mwaka 2021, ambao hutengeneza alama ya kidijitali ya picha yako ndani ya simu yako mwenyewe, bila picha kutoka, na alama hiyo hutumiwa na mitandao shiriki kama Facebook, Instagram na TikTok kuizuia isipakiwe. Kwa walio chini ya miaka 18 upo mfumo unaofanana nao uitwao Take It Down. Hakuna mfumo unaoweza kuingia kwenye simu za watu na kuitoa picha iliyokwisha kupokelewa WhatsApp, na anayekuomba fedha akidai anaweza ni tapeli wa pili.

Jambo la mwisho ni lile la «tumeyamaliza nyumbani». Familia hukaa, kijana huomba radhi, mbuzi huchinjwa, kisha mlalamikaji huja kudai jalada lake. Jalada si lake. Shauri la jinai ni la Jamhuri, na likishafika mahakamani anayeweza kuliondoa ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Iwapo kinachomzuia mlalamikaji ni aibu ya picha kuoneshwa mbele ya watu, amweleze wakili wa Serikali mapema, kabla ya siku ya kutoa ushahidi, ili iombwe shauri lisikilizwe faragha.