Mifuko na umeme Zanzibar: yanayosemwa barazani na yaliyo kweli

Ukikaa barazani baada ya Magharibi, iwe Mikunguni au Chake, maneno ya mifuko na ya umeme hayakawii kufika. Mengi yanasemwa kwa uhakika mkubwa na mengi si kweli.

“Mifuko ya plastiki ilikatazwa 2019.” Hiyo ni Tanzania Bara, Juni 1 mwaka huo. Mazingira si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya mazingira, Namba 3 ya 2015, na mamlaka yake ya kuyasimamia, ZEMA. Marufuku ya mifuko hapa ilianza 2006, hata kabla ya sheria hiyo. Kwa hiyo anayelalamika kwamba tumeletewa amri kutoka Bara ameyapindua mambo. Sisemi haya kwa kujisifu, maana kutangulia hakukuiondoa mifuko sokoni. Visiwa vina bandari za njia ya panya kila upande, na hakuna mzigo mwepesi kuficha kama robota la mifuko.

“Ule mfuko mbadala ni kitambaa.” Mwingi si kitambaa. Ni nyuzi za polipropilini zilizoshikanishwa kwa joto, yaani plastiki, ila nzito zaidi. Uanike juani muda mrefu uone unavyopukutika. Faida yake ni kutumika tena na tena. Ukiutumia siku moja ukautupa, umetupa plastiki nyingi kuliko ile iliyokatazwa. Kikapu cha ukili na pakacha la makuti vikichakaa vinaoza shambani, na hapo hapana mjadala.

“Kimfuko cha urojo hakina neno, si cha kubebea.” Hapa ndipo penye shida yenyewe, na ndipo tunapopapita haraka. Tazama urojo, ule mchuzi mzito wetu wa barabarani, unavyouzwa wa kuchukua: kimfuko cheupe, urojo wa moto, bajia, kachori, chatne, fundo juu. Mteja anafika nyumbani, anatoboa, anamimina, na maisha ya kile kimfuko yamekwisha ndani ya nusu saa. Chupa ya maji angalau ina waokotaji wanaoiuza kwa uzito. Kimfuko kilichopakaa urojo hakina mnunuzi: chepesi mno, kichafu mno. Kinakwenda mtaroni, na masika ikianguka mtaro unaziba, maji yanaingia nyumba za watu wa Ng'ambo, mitaa ya mjini iliyo nje ya Mji Mkongwe. Kisichoziba mtaro kinafika baharini, na huko plastiki haiozi, inakatikakatika mpaka inakuwa chembe za kumezwa na samaki. Manispaa inaweza kuzibua mitaro kila mwaka. Bakuli lenye mfuniko ni wewe wa kulibeba.

“Ukiuchoma umeumaliza.” Umeuhamishia mapafuni. Jiko la mkaa lina makumbi na vifuu vya kuliwashia, na moshi wa plastiki haufai karibu na chakula wala mtoto.

Tukija kwenye umeme, wapo wanaoamini kwamba Pemba inapewa umeme na Unguja. Tangu 2010 Pemba inapata wake kutoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari; kabla yake ilikuwa majenereta ya dizeli pale Wesha. Unguja inalishwa kutoka Dar es Salaam, kwa waya wa 1980 wenye uwezo wa megawati 45, kisha ule wa 2013 wa megawati 100. Aliyekuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 anakumbuka miezi mitatu ya giza waya ulipoharibika, na mabomba yakakauka kwa sababu pampu za maji nazo zinataka umeme.

“Tukuza inakimbia.” Tukuza ni mita ya umeme wa kulipia kabla; inahesabu, na hesabu yake ni moja: wati 1,000 kwa saa nzima ni uniti moja. Taa ya LED ya wati 9 inahitaji zaidi ya saa 110 kuimaliza uniti hiyo. Pasi ya wati 1,000 inaimaliza kwa saa moja tu ikiwa moto wakati wote. Lakini nyumba nyingi ugomvi ni wa taa ya ukumbini, huku kanzu zikipigwa pasi moja moja kila asubuhi badala ya zote kwa mkupuo.

“Kuzima friji usiku kunaokoa.” Kidogo sana. Friji hupumzika yenyewe ikishafika baridi iliyowekewa, na usiku haifunguliwi, kwa hiyo huo ndio wakati inakula kidogo. Ukiizima, asubuhi inahangaika kurudisha baridi iliyopotea, na maziwa yameanza kuharibika. Angalia mpira wa mlango: bana karatasi, funga, ivute. Ikitoka bila kukaza, baridi inavuja mchana kutwa. Anayeuza barafu za watoto na kufungua kila dakika mbili asiilaumu mita.

AC nayo ukiiweka 16 haipozi upesi zaidi ya 25 kwa zile za kawaida. Inachelewa kupumzika tu.

“Kupikia umeme ni kwa matajiri.” Inategemea chombo. Hotpleti iliyowaka saa mbili kwa maharage inauma kweli. Sufuria ya presha ya umeme ni habari nyingine: ikishapata presha inazima moto wenyewe na kuuwasha kwa vipindi, na maharage yaliyorowekwa usiku yanaiva chini ya saa moja. Bei yake dukani ndiyo kikwazo, na nakubali ni kikwazo. Ila ukipiga hesabu, weka na ule mkaa unaobaki ukiwaka baada ya chungu kuepuliwa.