Kujazwa kila hitaji: Wafilipi 4:19 inaahidi nini

"Na Mungu wangu atawajazeni kila mnachokihitaji kwa kadiri ya utajiri wake, katika utukufu, ndani ya Kristo Yesu." Mstari huu unapendwa sana, na mara nyingi hunukuliwa peke yake, kama hundi ambayo Mungu ameshatia sahihi na kilichobaki ni kwenda kuchukua fedha. Ukiusoma ndani ya barua ulimotoka, unasema jambo zito zaidi, na kwa maoni yangu zuri zaidi.

Paulo aliuandika akiwa kifungoni; wengi husema ni Roma. Kwa kawaida mfungwa wa zama zile aliwategemea sana ndugu na rafiki zake kwa chakula na mavazi. Kanisa la Filipi, mji wa Makedonia ambako Lidia, muuza vitambaa vya zambarau, alikuwa amemkaribisha Paulo nyumbani kwake, lilichanga likamtuma Epafrodito apeleke. Kama kweli kifungo kilikuwa Roma, safari hiyo ilipita kilomita 1,000. Epafrodito akaugua, akanusurika kufa.

Sehemu ya mwisho ya barua, kuanzia 4:10, ni shukrani kwa mzigo ule. Katika mstari wa 18 Paulo anakiri kwamba amepokea na amejaa tele. Hapo ndipo unafuata wa 19: na ninyi mliojipunguzia, Mungu wangu atawajaza. Yeye mwenyewe hana cha kuwarudishia. Analikabidhi deni kwa Mungu.

Waliotoa hawakuwa matajiri. Katika 2 Wakorintho 8 Paulo anayasifu makanisa ya Makedonia kwa kutoa kupita uwezo wao, wakiwa katika umaskini mkubwa. Aliyewahi kukaa kwenye mnada baada ya ibada, kuku amefungwa miguu pembeni ya mkungu wa ndizi na mayai matano kwenye kibakuli, anawajua watu wa namna hii. Mama aliyeyaleta mayai yale hakubakiza trei nzima nyumbani.

Sasa, wahubiri wa "panda mbegu" huingilia hapohapo: toa kiasi fulani, Mungu akurudishie mara mia. Paulo alishaufunga mlango huo. Mstari wa 17 anasema hakitafuti kile kipawa, na tayari alikuwa amesema amejifunza kuwa radhi na hali yoyote aliyo nayo. Hakupanga kiwango, wala hakuomba nyongeza. Anayetangaza baraka kwa bei maalumu atafute mstari mwingine.

Je, kujazwa kila hitaji ni kutopungukiwa kamwe? Barua yenyewe inakataa. Mistari saba tu kabla ya ahadi, Paulo anasema anajua kushiba na kuona njaa. Kwingine anataja njaa, kiu, baridi na kukosa nguo. Hata ule wa 13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu," ambao siku hizi tunauandika kwenye fulana za michezo, unazungumzia kuzistahimili hali hizo zote mbili. Kwa hiyo anayelala njaa leo asiambiwe imani yake ni haba. Paulo naye angeingia kwenye kundi hilo.

Wala kumtegemea Mungu si kukaa kumngojea. Mtume huyu alishona mahema kwa mikono yake, na kwa Wathesalonike aliagiza kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Angalia neno "asiyetaka". Aliyekosa kazi ni habari nyingine.

Utele wa Mungu kwa maana ya Paulo unaonekana vizuri zaidi katika mfano anaouchota kwenye Kutoka 16. Kule jangwani mana ilishuka kila asubuhi, na kila mtu alipimiwa pishi moja. Aliyeokota nyingi hakubakiwa na ziada, aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Waliojiwekea akiba ya kesho walikuta imeingia mabuu na kunuka, isipokuwa siku ya sita, walipoamriwa kuokota maradufu kwa ajili ya sabato. Mana ilitosha kambi nzima, ila haikumtajirisha mtu hata mmoja.

Paulo anawanukulia Wakorintho habari hiyo akiwa na shughuli ya wazi kabisa mkononi: mchango wa kuwasaidia waumini maskini wa Yerusalemu. Anawaambia waziwazi kwamba wingi wao wa sasa uwafae wenzao walio na upungufu, ili siku nyingine wingi wa wale uwafae wao. Jangwani Mungu aliisawazisha mana mwenyewe. Korintho kazi hiyo waliachiwa waumini. Nao walikuwa wamesuasua. Walianza kukusanya mwaka uliotangulia wakaishia njiani, ikabidi Paulo amtume Tito pamoja na ndugu wengine wawafuatilie, tena akasisitiza wawe zaidi ya mmoja ili pasiwe na mtu wa kumtilia shaka juu ya fedha. Hatimaye zilipatikana: katika Warumi 15:26 Paulo anaandika kwamba Makedonia na Akaya, jimbo la Korintho, wamechangia, naye yuko mbioni kuzipeleka Yerusalemu.