Mtindi Ukitoa Maji na Aiskrimu Ikifanya Chenga: Kinachotokea Ndani ya Kopo

Joto likipanda, malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la vyakula ni yale yale. Huyu kafungua kopo la mtindi akakuta majimaji juu, anasema umetiwa maji. Yule kaona aiskrimu imechelewa kuyeyuka, anasema imetiwa gundi au plastiki. Wengi wanaotuandikia wana nia njema na tunawashukuru. Ila siku hizi video inatangulia kusambaa kwenye simu kabla ya kopo lenyewe kufika maabara, na muuzaji anakuwa ameshahukumiwa. Tueleze basi, kwa sababu jicho peke yake halitoshi kuamua mambo haya.

Tuanze na mtindi. Maziwa yanapochacha na kufika pH (kipimo cha uchachu) ya 4.6 hivi, chembe za protini iitwayo kaseini hushikana zikafanya wavu, na maji ya maziwa yakabaki yamenaswa ndani yake. Wavu huo ni laini. Ukiuchota kwa kijiko, ukiupakia kwenye bodaboda, ukiuacha kwenye joto, unajikunja na kuyatema maji. Yatazame vizuri: yana rangi ya manjano inayoelekea kijani. Rangi hiyo ni ya vitamini B2 iliyomo kwenye maziwa. Hayo si maji ya bomba. Koroga, kula.

Mtengenezaji anayejua kazi yake hupunguza hali hiyo kwa kupasha maziwa hadi nyuzi 85 kwa dakika 30, au nyuzi 90 hadi 95 kwa dakika 5, kabla ya kuyapoza na kutia mbegu ya mtindi. Kwenye joto hilo protini nyingine za maziwa hufumuka na kujishikiza kwenye kaseini, wavu ukawa na matundu madogo na nguvu zaidi ya kushika maji. Anayeishia nyuzi 72 kwa sekunde 15, kama maziwa ya kunywa, atapata mtindi mwepesi unaotoa maji haraka, hata kama hakuongeza tone.

Kinyume chake ndicho kinachotusumbua zaidi, na hakuna anayekilalamikia. Mtindi mzito unaosimama kwenye kijiko unasifiwa kuwa ndio halisi. Uzito si ushahidi wa chochote! Maziwa yaliyotiwa maji yanaweza kuzitishwa kwa wanga au jelatini yakapendeza kuliko yale ya ng'ombe wa jirani yako. Ndiyo maana sisi tunapima protini na yabisi za maziwa, yaani vyote visivyo maji, kwenye mtindi, na kwenye maziwa mabichi tunapima kiwango cha kugandia. Maziwa ya ng'ombe huganda kwenye nyuzi 0.52 hivi chini ya sifuri. Yakiongezwa maji, kiwango hicho husogea kuelekea sifuri, na kipimo hakidanganywi na uzito.

Aiskrimu ina habari ndefu zaidi. Hata kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, si maji yote yaliyomo yamekuwa barafu. Sehemu hubaki kuwa shira nzito ya sukari, na ndani yake zimetawanyika fuwele za barafu ndogo mno. Zikiwa chini ya mikromita 50, yaani sehemu moja ya ishirini ya milimita, ulimi hausikii kitu ila ulaini. Umeme ukikatika, fuwele ndogo ndizo zinazoyeyuka kwanza. Ukirudi, maji yake hayaanzishi fuwele mpya, yanaenda kugandia juu ya zile kubwa zilizosalia. Kata umeme, rudisha, kata tena, na wachache wanazidi kunenepa kwa gharama ya wengi. Hizo ndizo chenga unazozitafuna.

Hapo ndipo kazi ya hizo mnazoziita gundi ilipo. Ni molekuli ndefu zinazotoka kwenye mbegu za mguari au karobu, mimea ya jamii ya kunde, au kwenye mwani. Hutiwa kidogo sana, kwa kawaida gramu 2 hadi 5 kwa kilo. Huifanya ile shira iwe nzito na wakati mwingine ishikane kidogo kama jeli, hivyo maji hayasafiri kwa urahisi kutoka fuwele moja hadi nyingine. Hazizuii barafu kukua, zinaichelewesha. Friza ikizimwa kila usiku ili kuokoa umeme, hakuna gundi itakayoiokoa aiskrimu hiyo, na wauzaji wa rejareja wanaofanya hivyo tunawataka waache.

Kuna chenga za aina nyingine, na mlaji anaweza kuzitofautisha mwenyewe. Weka kidogo ulimini, usitafune. Chenga ya barafu huyeyuka mara moja. Ikibaki kama mchanga, hiyo ni laktosi, sukari ya maziwa, iliyojitenga ikafanya fuwele zake, mara nyingi kwa sababu mtengenezaji alizidisha unga wa maziwa. Haina madhara, lakini ni kasoro ya utengenezaji.

Sasa karajinani, gundi ya mwani inayoandikwa 407 kwenye lebo. Gundi ya karobu au ya mguari na kaseini hazikai pamoja kwa amani. Ukiacha mchanganyiko wa aiskrimu utulie kabla ya kugandishwa, kila moja hukusanyika upande wake, na chini ya tangi hujitenga maji. Karajinani ya aina ya kapa hujishikiza kwenye chembe za kaseini na kuzining'iniza zisikusanyike. Gramu 0.1 au 0.2 kwa kilo zinatosha. Na hii inatokana na mwani. Akina mama wa Paje na Jambiani, Zanzibar, wamekuwa wakilima mwani wa biashara tangu mwaka 1989. Sehemu kubwa ya mwani wanaoulima ni wa aina ya spinosamu, unaotoa karajinani ya aina ya iota yenye mgando laini. Mwani wa aina ya kotonii, unaotoa kapa, unashindwa na maji yanayozidi kupata joto. Inatia uchungu kusikia mtu wa pwani akiita zao la dada zake sumu.

Hofu hiyo ina chanzo chake. Karajinani ikivunjwavunjwa kwa asidi na joto kali huwa kitu kingine, poligeenani, ambacho kiliwaletea wanyama wa majaribio vidonda vya utumbo na hakiruhusiwi kwenye chakula. Ndiyo maana viwango vinadai myeyusho wa asilimia 1.5 wa karajinani, kwenye nyuzi 75, uwe na mnato, yaani uzito wake unapomiminika, usiopungua sentipoizi 5. Iliyovunjika haifiki hapo.

Jelatini ni suala jingine. Inatokana na ng'ombe, samaki au nguruwe, na mlaji ana haki kujua ni yupi. Lebo ikiandika "jelatini" tu, muulize mtengenezaji. Mtengenezaji aliyeitia bila kuiandika kabisa amevunja sheria: bidhaa huondolewa sokoni na kuteketezwa kwa gharama zake, na akifikishwa mahakamani anakabiliwa na faini, kifungo au vyote viwili. Kufuta au kubandika upya tarehe ya mwisho wa matumizi ni kosa linalojitegemea, hata kama bidhaa bado ni nzima.

Ukiwa na shaka, usilimalize kopo wala usihamishie kilichomo kwenye chupa ya maji. Lifunike na mfuniko wake, tunza risiti, piga picha lebo pamoja na namba ya toleo. Makopo mengine ya toleo hilo yakiwa bado dukani tuambie mapema, kwa sababu mkaguzi huchukua sampuli ambayo haijafunguliwa na kumwachia mwenye duka sehemu yake. Mtindi ulete kwenye kiboksi chenye barafu. Aiskrimu lazima ifike ikiwa imeganda. Ikifika imeyeyuka bado tutapima mafuta, protini na vimelea, lakini kuhusu chenga hakutakuwa na kitu cha kupima.